Bei ya ndoo moja ya maji yenye rangi

Masika yakikolea Ifakara, kuna nyumba ambazo chai ya rangi huwa na rangi kabla majani hayajatiwa. Niliambiwa hivyo na mama mmoja anayeuza chai na vitumbua Kibaoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo maji ni ya mtoni, pampu ya kisima imekufa tangu juzi. Ukiona chai imekolea usinisifu mimi."

Alichota kwenye ndoo akanionyesha glasi. Maji yalikuwa angavu, hayana tope, ukipitisha kidole nyuma ya glasi unakiona vizuri. Lakini yalikuwa na rangi ya kahawia hafifu, kama majani ya chai yaliyotiwa maji mara ya pili. Alikuwa ameyachuja kwa kitenge kilichokunjwa mara nne na kuyalaza usiku kucha, na rangi haikubanduka. "Nayachemsha, natia dawa, rangi inakaa palepale. Na dawa yenyewe siku hizi haina nguvu."

Dawa yake haikuwa na kasoro. Kilichokuwa kinaimaliza ni hiyo rangi. Na kwa kuwa bonde zima la Kilombero hupata maji ya namna hii kila mwaka mito inapofurika, inafaa kupiga hesabu: ukiwa na shilingi zako mkononi, uzitie wapi?

Tuanze na kujua unachopambana nacho, maana wengi hununua dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Weka glasi ya maji mezani usiku, uitazame asubuhi. Kama rangi imeshuka chini na juu pamekuwa peupe, hilo lilikuwa tope. Kama maji yalitoka kisimani yakiwa meupe, kisha yakageuka kuwa na kutu, una madini ya chuma. Ukiyachanganya na chai nzito yanageuka meusi kama wino. Lakini kama yalikuwa ya kahawia tangu mwanzo, hayana tope, na asubuhi yako vilevile, hayo ni mabaki ya majani na nyasi yaliyoyeyuka majini.

Yanatoka wapi si fumbo kwa mtu wa bondeni. Vijito hushuka milima ya Udzungwa vikiwa safi, vikaingia tambarare na kutawanyika juu ya nyasi, mashamba ya mpunga na mabwawa kama Kibasila. Maji hukaa juu ya nyasi zinazooza kwa wiki nyingi, na nyasi hufanya kile ambacho majani ya chai hufanya ndani ya birika. Eneo la hekta zaidi ya laki 7 la tambarare hii liliandikishwa mwaka 2002 chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, yaani birika letu linajulikana kimataifa.

Rangi yenyewe haiui. Kinachoua ni vijidudu, na Ifakara inalijua hilo vizuri: mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1997 ulifanyiwa utafiti hapahapa, na watu waliooga mtoni walionekana kuwa hatarini mno kuliko wenzao, pamoja na waliokaa mbali na chanzo cha maji na waliokula samaki wakavu. Kwa hiyo chochote utakachonunua, swali la kwanza ni kama kinaua vijidudu. Rangi ni swali la pili. Ila ni swali la pili linaloharibu jibu la kwanza, kama mama wa Kibaoni alivyogundua.

Sasa pesa. Nachukua familia ya watu watano inayokunywa ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Bei nitakazotaja ni za kukokotolea tu. Zifute uweke za dukani kwako. Kilo na lita ndizo hazibadiliki.

Kuchemsha ndiko tulikozoea, na ndiko kunakokula pesa bila kelele. Kupandisha lita 20 kutoka joto la nyuzi 25 mpaka 100 kunahitaji nishati ya megajuli 6 na robo hivi. Kilo ya mkaa ina karibu megajuli 29, lakini jiko la kawaida la bati huingiza kwenye sufuria kama sehemu moja kati ya tano. Nyingine inapasha upepo. Ukigawanya unapata kilo moja na ushee kwa ndoo. Mkaa ukiwa shilingi 800 kwa kilo, umechoma kama 870 kwa ndoo, yaani 26,000 kwa mwezi. Jiko banifu linaloingiza sehemu 3 kati ya 10 hukushusha mpaka 17,000 hivi. Gesi je? Mtungi wa kilo 6 unachemsha ndoo 24 au pungufu. Ukijazwa kwa 24,000, kila ndoo ni 1,000, na bado hujapika ugali. Kuni za mafiga matatu, ukizinunua, ni kilo 3 mpaka 4 kwa ndoo.

Na baada ya yote hayo rangi iko palepale. Kuchemsha kunaua vijidudu, tena kunaviua kweli, wala simkatazi mtu. Lakini kilichoyeyuka kinabaki, na maji yakishapoa hayana ulinzi wowote: kikombe kimoja kichafu kikitumbukizwa ndoo nzima imerudi mwanzo.

Maji ya chupa nayataja kwa haraka kwa sababu hesabu yake ni fupi. Chupa ya lita moja na nusu ikiwa 1,000, lita 20 ni zaidi ya 13,000 kwa siku. Hayo ni maji ya safari na ya mgonjwa. Ya dumu kubwa la kujazwa ni nafuu kwa mbali, lakini dumu likijazwa kwa 5,000 bado ni 150,000 kwa mwezi. Tazama alama ya ubora ya TBS na kizibo, kisha tuendelee.

Kibao cha klorini, ambacho watu wengi hukiita WaterGuard hata kikiwa cha jina jingine, ndicho chenye bei tamu. Kile cha miligramu 67 kimepimwa kwa ndoo moja ya maji meupe. Kikiwa shilingi 100, mwezi mzima ni 3,000. Maji ya tope au ya rangi yanataka viwili, na mwezi unakuwa 6,000. Unatia, unakoroga, unasubiri dakika 30.

Hapa ndipo rangi inapoleta fitina. Klorini haichagui adui. Ikikutana na bakteria inamshambulia, ikikutana na mabaki ya majani inayashambulia vilevile, na mabaki ya majani ni mengi kuliko bakteria. Kwenye maji ya kahawia kibao kimoja kinaweza kuisha kabla ya kumaliza kazi. Ishara yake ni rahisi: baada ya nusu saa, maji yawe na harufu hafifu sana ya dawa. Yasipokuwa nayo kabisa, dawa imeliwa. Mama wa Kibaoni alifurahi kwamba maji yake hayanuki dawa, kumbe hiyo ndiyo ilikuwa habari mbaya.

Kuna jingine. Mwaka 1974 mkemia wa Rotterdam, Johannes Rook, alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki hayo ya mimea huzaa kemikali mpya, ikiwemo klorofomu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mwongozo cha klorofomu kuwa miligramu 0.3 kwa lita, na likasisitiza kwamba hofu ya kemikali hizi isimfanye mtu aache kuua vijidudu. Ukiwa huna njia nyingine, tia vibao viwili unywe. Kuhara kwa mtoto ni leo usiku. Madhara ya klorofomu ni hesabu ya miaka mingi. Lakini kama unaweza kuiondoa rangi kwanza, umeokoa kibao, umeokoa ladha, na hiyo kemikali umeinyima chakula.

Rangi inaondolewaje? Mijini kwenye mitambo mikubwa sifa zinakwenda kwenye mkaa. Si huu wa jikoni. Ni mkaa ulioamilishwa, mara nyingi wa vifuu vya nazi, uliochomwa bila hewa kisha ukapitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi mpaka ukatobokatoboka ndani. Gramu moja ina vitundu ambavyo kuta zake zikitandazwa hufika kama mita za mraba 1,000. Kijiko kimoja cha chakula kinatandaza uwanja wa mpira. Vilivyoyeyuka majini hunasa kwenye kuta hizo.

Kuta hizo hujaa. Miezi michache tu na mkaa umeshiba. Mafundi walidhani hapo ndipo mwisho wake, utolewe ukachomwe upya, hadi walipoona kwamba vichujio vikongwe viliendelea kufanya kazi kiasi. Kumbe bakteria wasio na madhara walikuwa wamehamia kwenye vitundu, wakajenga utando, na wanakula kile kinacholika katika mabaki ya mimea kabla hakijatoka. Mkaa umeacha kuwa ghala umekuwa banda la mifugo. Huko Windhoek, Namibia, ambako maji taka yamekuwa yakigeuzwa ya kunywa tangu mwaka 1968, mtambo wa Goreangab ulioanza kazi mwaka 2002 hutumia mkaa wa namna hii: kwanza wanapitisha gesi ya ozoni ivunje mabaki makubwa kuwa vipande vidogo, ndipo bakteria wa kwenye mkaa wavile. Bila ozoni bakteria hao hula sehemu ndogo tu, kwa sababu rangi ya kahawia hasa ni ile ngumu, isiyolika.

Hilo la mwisho likumbuke siku utakapouziwa kichujio cha mkaa kwa maneno matamu. Mimi niliuziwa. Kilikuwa kizuri, cha plastiki nyeupe, kina bomba dogo mbele, na katriji ya mkaa ndani. Miezi miwili maji yalitoka meupe kama ya mvua. Mwezi wa tatu rangi ikaanza kurudi, nikarudi dukani kuuliza katriji, muuzaji akanitazama kama niliyeulizia injini ya meli. "Labda Dar, kaka." Chombo kinauzwa mara moja, katriji inauzwa maisha yako yote; ukitaka kujua bei ya kichujio hicho, usiulize bei ya kichujio. Uliza katriji ni kiasi gani, ni ya lita ngapi, na je, iko dukani sasa hivi, uione kwa macho. Kwenye maji ya kahawia, lita zilizoandikwa kwenye boksi zipunguze sana, maana zilipimwa kwa maji ya bomba ya watu wengine.

Kuna toleo la nyumbani la banda hilo la bakteria, na linajengeka kwa vitu vya hapa. Kichujio cha mchanga cha kumiminia ndoo kwa ndoo, alichokibuni David Manz wa Calgary nchini Kanada miaka ya 1990, kina changarawe chini, mchanga juu, na kimo cha maji cha sentimita 5 kinachobaki daima juu ya mchanga ili utando wa juu usikauke. Utando huo unachukua mpaka siku 30 kukomaa, kwa hiyo mwezi wa kwanza usikisifu wala usikilaumu. Maji yatoke polepole, yasizidi lita 0.4 kwa dakika. Usikiache zaidi ya siku mbili bila kumimina.

Mchanga peke yake unapunguza vijidudu na tope, rangi kidogo. Hapo ndipo watu hutia tabaka la mkaa. Lita 10 za chengachenga za mkaa, kama kilo 3, kwa mwendo huo zinayashika maji dakika 25, muda ambao hata mitambo mikubwa ingeuridhia. Tatizo ni mkaa wenyewe: wa jikoni umechomwa kwa joto dogo na vitundu vyake ni vichache. Chagua ule mgumu unaolia kama chuma ukigonganishwa, uvunje kwa ukubwa wa punje za mahindi, uoshe hadi maji yasiwe meusi. Mashine za kukoboa mpunga zina vilima vya pumba ambazo nazo hutoa mkaa, ila sehemu kubwa ya jivu lake ni silika na chenga ni laini sana, kichujio huziba. Mimi ningekaa na wa mti mgumu au wa vifuu.

Hesabu: pipa, bomba, mchanga uliooshwa na mkono wa fundi tuseme 60,000, kidumu miaka 3, hiyo ni kama 1,700 kwa mwezi. Mkaa kilo 3 kila miezi miwili, 1,200 kwa mwezi. Kibao kimoja kwa ndoo, 3,000. Jumla 5,900. Ambaye hakujenga chochote, akatia vibao viwili, analipa 6,000. Shilingi 100 tofauti! Niliirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Kwa hiyo anayekuambia kichujio cha mkaa kitakuokolea pesa ukilinganisha na vibao anakudanganya kwa upole. Unachonunua ni maji yasiyonuka, na hilo si dogo, kwa kuwa ndoo inayonuka dawa watoto huikimbia wakaenda kunywa kwa jirani.

Na klorini hutiwa mwisho, baada ya mkaa. Ukiitia kabla, mkaa unaimeza yote, na umewaua bakteria wako wa kwenye mchanga kwa mkono wako. Nimeona nyumba inayofanya hivyo kila siku kwa uangalifu mkubwa.

Sasa kuna kitu ambacho hakina bomba wala boksi, na ndicho kilichonishinda kuamini: shabu. Hiihii ya kwa kinyozi, kipande cheupe kama barafu, mradi isiwe ya manukato. Mitambo ya maji duniani huanza na ndugu yake. Shabu ikiyeyuka majini hufanya yale mabaki ya kahawia yashikane, yawe mawingu, yazame. Tena inakamata hasa yale makubwa na magumu ambayo bakteria wa kwenye mkaa wanayashindwa. Kipimo ni kidogo: kama gramu moja kwa ndoo, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Kilo moja ni ndoo 1,000. Hata ikiwa 5,000 kwa kilo, ni shilingi 5 kwa ndoo.

Tulijaribu palepale Kibaoni. Nilisaga kipande kwa chupa, nikayeyusha kwenye kikombe, nikamimina. Koroga haraka dakika moja, kisha polepole sana kama unayebembeleza uji usiungue, dakika 10. Mwanzo hakukuwa na kitu. Dakika ya sita au ya saba vikaonekana vijinyuzi, kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani, vikakua vikawa manyoya ya kahawia, na baina ya manyoya maji yakawa meupe. Mama aliacha vitumbua vyake kwenye mafuta. Baada ya saa moja manyoya yote yalikuwa chini, unene wa kidole. Ukifika hapo, yachote ya juu bila kuitikisa ndoo, uyapitishe kwenye kitambaa safi au kwenye kichujio chako cha mchanga, ndipo utie kibao kimoja.

Yasiposhikana, mara nyingi maji ni mepesi mno, hayana chokaa. Chenga ndogo ya chokaa safi husaidia. Usizidishe shabu ukidhani ukarimu ni dawa: maji yanakuwa makali ulimini na madini ya alumini yanabaki ndani. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo hukamata tope vizuri, na ni za bure, lakini zinaacha mabaki yao wenyewe majini, na kesho yake ndoo inanuka. Kwa tope, sawa. Kwa rangi ni kuongeza majani kwenye birika.

Shabu na kibao, basi, ni kama 3,150 kwa mwezi. Mchanga ukiwepo, ongeza 1,700. Hakuna kinachokaribia. Ukiniuliza mkaa uuweke wapi, nitasema mwisho wa foleni: kwa anayesikia ladha ya matope hata baada ya shabu, au anayekaa kando ya mashamba ya mpunga na miwa yanayopigwa viuagugu. Huyu wa pili anahitaji mkaa ulioamilishwa hasa, mpya, unaobadilishwa kwa wakati, kwa sababu banda la bakteria lililoshiba halikamati kiuagugu kama mkaa mpya. Wa jikoni asiuamini kwa hilo. Bora pesa yake aitie kwenye kisima kirefu cha jumuiya ya watumia maji, na ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini uliopo tangu mwaka 2019, ndiko pa kupeleka malalamiko pampu ikifa.

Mwenye kisima kirefu chenye maji meupe asinunue chochote kati ya haya ila kibao. Hana ugonjwa huo.

Na nimeacha kwa makusudi chanzo ambacho hakina rangi kabisa. Msimu wa maji ya kahawia ndio msimu wa mvua, vinakuja pamoja. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 10, ukitoa yanayopotea na ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, unabaki na lita kama 300: ndoo 15, nusu ya mwezi, kwa mvua moja ya mchana. Gata na simtanki la lita 500 ni pesa ya kushtua siku ya kulipa, tuseme 180,000 na fundi. Ukiigawa kwa miaka 5 ni 3,000 kwa mwezi, na maji yenyewe yanataka kibao kimoja tu. Kwa mwenye bati lake na paa lisilofunikwa na mwembe, hiki ndicho ningenunua kwanza, kabla ya kichujio cha aina yoyote. Kwa mpangaji mwenye chumba kimoja, shabu.

Nilimwambia hivyo mama wa Kibaoni, ambaye amepanga. Aliinua glasi mbili, ya asubuhi na ya baada ya shabu, akazitazama kwenye mwanga.

"Sasa mwanangu, chai ikiwa nyepesi hivi, wateja si watasema nimepunguza majani?"